Siku Swila Alipomtemea Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi Gongo la Mboto kwa ajili ya magoti. Alitoka Tukuyu, alikozaliwa, akafundisha, akawa mwalimu mkuu, akastaafu. Na magoti yake, baada ya kupanda na kushuka vilima vya kule maisha yake yote, nayo yakaamua kustaafu. Daktari aliyemwona mjini alimpa vidonge, halafu akamwambia maneno ambayo mie nayachukulia kuwa chanzo cha yote yaliyofuata: "Mama, usikaekae. Tembea."

Mie ni Mzaramo wa Temeke. Nilipomwambia mama yangu kwamba naoa binti wa Kinyakyusa, tena Mkristo, alisema jambo moja tu: "Haya. Lakini mkwe ni mkwe, kokote alikozaliwa. Mkwe hashikwi, hachezewi, hatazamwi usoni." Basi miaka yote ya ndoa nilimwamkia mama mkwe kwa mbali, kichwa chini, kama mtu aliyedondosha sindano. Ilikuwa rahisi, maana yeye alikuwa Tukuyu na mie Dar. Sasa alikuwa sebuleni kwangu, kwenye kochi langu, rimoti iko mkononi mwake.

Hakunichukia, lakini hakuwa amenipitisha bado. Alinitazama kupitia miwani yake mikubwa yenye vioo vinene kama anayesoma insha ya mwanafunzi anayemjua kwa uvivu. Jioni moja nilikuwa namsimulia mke wangu habari za Kurasini, ninakofanya kazi ya kukimbizana na nyaraka za makontena, nikasema, "Zamani tulikuwaga tunamaliza mapema."

Sauti ikatoka kwenye kochi. "Tulikuwaga ndiyo nini?"

Nikamtazama mke wangu anisaidie.

"Tulikuwa," akasema. "Tulikuwa tunamaliza mapema. Haya, endelea."

Mtu wa pwani mie, niliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa, nasahihishwa nyumbani kwangu na mtu aliyekijulia darasani! Mke wangu alikimbilia jikoni akachekee huko.

Jirani yetu, bwana mmoja mnene, mchangamfu, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha kujitolea katika msitu wa Pugu. Kila Jumamosi asubuhi walipanda vilimani kufyeka magugu, kutengeneza njia za wageni, na kuotesha miti ya asili pale wachoma mkaa walipopita. Alimwambia mama mkwe kwamba msituni kuna kivuli, hewa safi na miinuko midogomidogo inayofaa sana kwa magoti. Habari nyingine za msituni hakumwambia.

"Nimetuandikisha," mama mkwe alisema tukiwa mezani.

"Nani na nani, Mama?"

"Mimi na wewe. Mke wako Jumamosi yuko kazini, duka la dawa. Mtu mzima haendi porini peke yake."

Naomba nieleweke. Mie naogopa wanyama. Si nyoka tu. Naogopa kenge, naogopa bata mzinga, na kuna mjusi bafuni kwetu ambaye huwa nampisha amalize shughuli zake ndipo niingie kuoga. Lakini utamwambiaje mkwe jambo kama hilo? Nikasema, "Sawa, Mama." Mke wangu akainamia sahani yake, mabega yakimtetemeka.

Wengi wakisikia Pugu wanafikiria mnada wa ng'ombe. Lakini ukishauacha mnada na barabara na makelele yake, unaingia mahali ambapo miti mirefu imefungana juu, kamba za porini zinaning'inia, na chini kuna ubichi hata siku ambayo mjini jua linapasua kichwa. Pazuri, sikatai. Uzuri wake unaufurahia zaidi ukiwa hujui ni nani mwingine anaufurahia pembeni yako.

Siku ya kwanza kiongozi alitukusanya, firimbi shingoni, akatuhutubia. "Wanyama wa humu ni wapole," alisema. "Ukikutana naye, simama, vuta pumzi, mwache apite."

"Ukikutana na nani?" nikauliza.

"Na yeyote," akajibu, akaendelea na habari za miche.

Jumamosi ya kwanza ilipita salama. Ya pili ngedere walivamia mifuko yetu ya chakula. Mie nilikuwa nimeshapanda juu ya jiwe kabla sijajua nimepandaje. Dume lao, jitu lenye meno, lilishika chapati zetu. Mama mkwe akapiga makofi mawili, akasema kwa sauti ile ya paredi ya asubuhi, "Weka chini!" Dume likaweka chini. Naapa. Tena liliziweka taratibu, likarudi nyuma, likakaa. Tangu siku hiyo kikundi kizima kilianza kumwita Mwalimu, na mie nikaanza kuamini kwamba nikiwa naye hakuna la kunipata.

Jumamosi yenyewe ilikuja masika yalipokuwa yanakatika. Tulipangiwa sehemu moja penye mawe, mie na mama mkwe, tuondoe lundo la matawi yaliyofyekwa juma lililotangulia. Yeye alisimama upande mmoja wa lundo, mie upande wa pili na reki yangu. Alikuwa amevaa glovu, mabuti ya mpira, na khanga ya mke wangu kiunoni juu ya suruali. Jasho lilikuwa limemtia ukungu kwenye miwani.

Aliinama, akavuta tawi moja. Ndani ya lundo kitu cheusi kikajikunjua. Nilidhani ni kipande cha tyubu ya baiskeli. Halafu tyubu ikainua kichwa, ikatandaza shingo, ikasimama kati yetu, mgongo kwangu, uso kwa mama mkwe.

Nilifungua mdomo niseme, "Mama, nyoka." Kilichotoka kilikuwa, "Ma."

Nikajaribu tena. "Ma. Ma."

"Sema, baba, nakusikia," alijibu bila kuinuka. "Usitafune maneno."

"Ny," nikasema.

"Ny nini?" Akainua uso kunitazama.

Swila akatema. Niliona matone yakiruka kama mtu anayenyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi, yakatua kwenye vioo vya miwani na kwenye shavu lake. Kwa ukungu ule wa miwani, na kivuli cha pale, yeye nyoka hakumwona. Alichokiona ni mie, mkwe wake, nimesimama mbele yake nimechongoa midomo.

Alijifuta shavu kwa mgongo wa mkono. Akautazama mkono. Akanitazama mie.

"Umenitemea mate?"

Katika maisha yangu nimewahi kutuhumiwa mengi, lakini sijawahi kuona uso uliojaa majonzi vile. Halafu akafanya jambo lililonipa miguu: alivua miwani ili aifute.

Sikumbuki kulizunguka lundo. Nakumbuka nimemkumbatia mama mkwe kiunoni, nimemnyanyua juu, na mabuti yake yananipiga kwenye mifupa ya miguu. "Niache!" alikuwa anapiga kelele. "Niache, shetani mkubwa wewe! Kwanza mate, na sasa haya!" Nami, mpumbavu, nikageuza shingo kuangalia kama nyoka anatufuata. Hakuwa anatufuata. Alikuwa ananisubiri nigeuke.

Mate ya pili yaliniingia jicho la kushoto.

Chukua pilipili kichaa, uisage na sabuni ya kufulia, uipake kwenye kaa la moto, halafu uliweke kaa hilo mahali pa jicho. Hapo utakuwa umekaribia. Nilianguka, na mama mkwe akaanguka juu yangu. Akiwa pale juu, akaona mkia mweusi ukiishilizia kwenye mawe.

Kelele zikakatika ghafla.

"Kumbe," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa: "Kumbe si wewe."

Mie nilikuwa nimepeleka mikono yote miwili machoni. Akainasa. "Usifikiche! Ukifikicha nakuchapa!" Akaketi chini, magoti yale yale mabovu akayakunja bila kulalamika, akakivuta kichwa changu akakilaza mapajani mwake. Macho yote mawili yalikuwa yamejifunga yenyewe, sioni kitu, nasikia tu. Nilimfikiria mama yangu kule Temeke. Nikasema moyoni, Mungu wangu, kichwa changu kiko mapajani mwa mkwe, na hili tu halijatosha, nalia.

Kiongozi wetu alipuliza firimbi. Tatizo ni kwamba hakuwahi kutuambia ikilia maana yake nini, hivyo nusu ya kikundi ilikimbilia kwetu na nusu ikakimbilia barabarani. Waliotufikia walianza kutoa ushauri wote kwa pamoja. Mmoja akasema maziwa. Mwingine akasema asali. Jamaa mmoja dereva wa bajaji, mtu mwema sana ambaye mpaka leo tunasalimiana, akasema, "Jamani, dawa ya mate ya swila ni mkojo. Nisogezeeni nafasi, mie ninao."

Nikasikia mlio wa zipu.

"Wewe!" Sauti ya mama mkwe ilipasua msitu. "Ukimsogelea mtoto wangu na hiyo zipu, nitalichukua panga hili hapa na usiku wa leo mkeo atanilaumu! Maji! Leteni maji ya kunywa, yote mliyo nayo!"

Zipu ikapanda. Maji yakaja, chupa baada ya chupa. Alinifunua kope kwa vidole, vidole vigumu vyenye harufu ya majani, akamimina taratibu kuanzia upande wa pua kwenda nje. "Tazama juu. Tazama kushoto. Kuna kushoto ngapi? Kushoto!" Kila nilipotaka kufumba aliniita jina langu lote, la ubini na yote, kama linavyosomwa kwenye matokeo ya mtihani. Maumivu yakaanza kulegea kidogo. Nikapata hata nafasi ya kuogopa: je, nikipofuka? Nani atasoma zile nyaraka za makontena? Nitamwona tena mke wangu?

Nikiwa katika mawazo hayo ndipo nilipohisi kitu kinanifinya kwenye kifundo cha mguu. Kisha kwenye shavu la mguu. Kisha mahali ambapo siwezi kupataja.

Ikumbukwe kwamba maji yote yale yalikuwa yanakwenda mahali. Yalikuwa yanatiririka chini ya mgongo wangu mpaka kwenye njia ya siafu, na siafu, wakiona mafuriko, walikuwa wanatafuta pa kupanda. Palipokuwa karibu ni ndani ya suruali yangu.

Nikarusha mguu. Nikarusha wa pili. Nikaanza kujipigapiga chini kama samaki aliyetolewa sasa hivi majini.

"Sumu imepanda kichwani!" kiongozi akapiga kelele. "Mshikeni!"

Wakanishika. Mmoja miguuni, mmoja mikononi, na kiongozi mwenyewe, kwa uzito wake wote, juu ya mapaja. Wakanigandamiza pale pale juu ya siafu.

"Siafu!" nikalia. "Siafu!"

"Anaweweseka," kiongozi akasema kwa huruma. "Pole, ndugu yetu. Jikaze. Mtaje Mung—mamaaa!"

Na yeye walikuwa wamemfikia. Nikasikia uzito ukiniondoka, halafu kishindo, halafu watu wazima wanarukaruka msituni huku wanajipiga makofi wenyewe. Mtu akapuliza firimbi tena, sijui kwa nini.

Mama mkwe alinishika kwapani, akaniburura mpaka mahali pakavu. "Vua suruali," akasema.

"Mama, siwezi."

"Vua."

"Mama, mbele yako siwezi. Bora wanimalize."

"Wewe mtoto, mimi nimewaogesha watoto wa shule ya bweni wenye upele, mmoja mmoja, kwa miaka. Unadhani una nini cha ajabu? Hii khanga. Nageuka. Vua!"

Nikavua. Nilikuwa sioni, kwa hiyo mpaka leo sijui kama kweli aligeuka, na sijawahi kumuuliza. Aliikung'uta ile suruali na mabuti kwa hasira, siafu wameving'ang'ania kama gundi, mwishowe akavitupa kando. Akanifunga khanga kiunoni kwa fundo la nguvu, akanichomoa siafu waliobaki mgongoni huku anawahesabia dhambi zao, kisha akanishika mkono tukaanza kuteremka.

"Jiwe. Nyanyua mguu. Mzizi. Shuka. Hapo pana utelezi, niegemee."

"Magoti yako, Mama."

"Nyamaza, teremka."

Tulipofika barabarani kulikuwa na akina mama wanauza mihogo ya kuchoma.   Mmoja wao, kwa sauti ya kutaka kuhakikisha, akasoma maandishi ya khanga iliyokuwa nyuma yangu: "Mtachonga sana, mwenzenu nimetulia." Kicheko kilichofuata kiliwafikia, naamini, mpaka ng'ombe wa mnadani. Mama mkwe hakusimama. "Amewaokoa wazee wenu huyu!" akawaambia, ingawa wazee wao hawakuwamo. "Cheko gani hilo? Sogezeni benchi akae!" Wakasogeza benchi. Wakanipa na muhogo.

Yule mwenye bajaji ndiye aliyetupeleka zahanati, mnyonge. Nesi alituuliza nani mgonjwa. Aliambiwa ni huyu mwenye khanga. Walinisafisha jicho tena kwa muda mrefu, wakanitia dawa, wakalifunika. Wakamtazama na yeye. Shavu lilikuwa na wekundu kidogo, basi. Daktari aliishika ile miwani, akaigeuzageuza kwenye mwanga, madoa yamekaukia kwenye vioo, akasema kwamba isingekuwa hiyo wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Mama mkwe akakaa kwenye kiti cha plastiki. Ndipo alipofumba macho akaanza kusali kwa Kinyakyusa, mkono wake bado umenishika. Alikuwa ameihifadhi hofu yake yote mpaka tufike penye daktari.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?" nesi akauliza, kalamu tayari.

"Mama yake," akajibu.

Nilikaa nyumbani siku kadhaa na kitambaa jichoni. Nilipompigia bosi wangu kumweleza kwamba nimetemewa na nyoka, aliuliza ni nyoka wa Pugu au wa hapo ofisini, maana ofisini anawajua. Mama mkwe alinisomea gazeti kila asubuhi, akiwasahihisha waandishi njiani. Jioni aliwapigia simu ndugu zake Tukuyu, na mke wangu alinitafsiria kwa kuninong'oneza kutoka Kinyakyusa. Kwa dada yake, swila alikuwa na urefu wa fimbo. Kwa kaka yake, alikuwa na urefu wa mlango. Kwa mchungaji wao, walikuwa wawili. Lakini kila simu nilikuwamo, na kila simu nilisema kwa sauti kubwa, tena kwa ufasaha, "Mama, mbele yako pana nyoka, tafadhali rudi nyuma!" Yeye aliyekuwa hasamehe hata irabu, sentensi hiyo aliiacha kama ilivyo. Nami sikuigusa.

Mama yangu alikuja kutoka Temeke kuniona. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasikiliza yote, kisha akainama.

"Ulimshika?"

"Nilimshika, Mama."

"Wapi?"

"Kiunoni."

Akafikiri. "Kwa ajili ya nyoka, Mungu ni mwingi wa rehema," alisema. "Kwa hilo la suruali, mwanangu, mie sijui." Halafu akaenda sebuleni kwa mkwe mwenzie, na kwa muda wote wa chai niliwasikia wale wanawake wawili, ambao tangu harusini walikuwa wakipeana salamu za heshima tu, wanacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Tulirudi msituni jicho lilipopona. Sikutaka, lakini mama mkwe alikwishavaa mabuti. Kiongozi alitupeleka kitaluni, karibu na barabara, kumwagilia miche, na hapo ndipo tulipofanya kazi Jumamosi zote mpaka mama mkwe alipoondoka. Alinifundisha kuipanga miche kwa kimo, nami nikamfundisha maneno ya Kizaramo ambayo mwalimu mkuu hapaswi kuyajua. Jicho langu linaona vizuri, ila jua likiwa kali hutoa machozi, na vijana wa Kurasini hudhani nalilia makontena.

Magoti yake yalikuwa afadhali sana aliporudi kwao. Juma lililopita alipiga simu. Ameanzisha kikundi cha kuotesha miti kandokando ya mto kule Tukuyu, watu wamejitokeza wengi, na amewaahidi kwamba mkwe wake, mtaalamu wa nyoka kutoka Dar es Salaam, atakuja likizo kuwapa mafunzo. Nilimwambia mke wangu kwamba sijui chochote kuhusu nyoka zaidi ya ladha ya mate yao jichoni. Amenijibu kwamba kule ni baridi, nichukue sweta.